KAMERA YA ULINZI: PICHA ZINAKAA WAPI?

Siku hizi ukipita vijijini utaona kitu cheupe kimefungwa ukutani juu ya mlango. Kingine kina umbo la kopo. Kingine ni kama bakuli lililopinduliwa. Kipo dukani. Kipo kwa wakala wa fedha za simu. Kipo kwenye ghala la chama cha ushirika. Hata mwenye ng'ombe wa maziwa amekifunga bandani. Hiyo ni kamera ya ulinzi.

Katika madarasa ya jioni watu wananiuliza mengi juu ya kamera hizi. Wanauliza bei. Wanauliza kama zinaona gizani. Wanauliza kama lazima mtu awe na bando la intaneti. Ni maswali mazuri. Lakini lipo swali moja ambalo karibu hakuna anayeliuliza, nalo ndilo kubwa kuliko yote: picha ikishapigwa, inakwenda kukaa wapi?

Kamera haimkamati mwizi. Haina mikono, haina rungu, wala haipigi mayowe. Kazi yake ni kuona na kukumbuka. Kama inaona lakini haikumbuki, basi umenunua pambo la ukutani. Na kama inakumbuka lakini mwizi anaweza kuondoka na kumbukumbu yenyewe, hasara yako ni mara mbili.

VIFAA VYENYEWE

Kamera ya ulinzi haifanyi kazi peke yake. Ina wenzake. Mwenzake mkubwa ni kinasa picha. Wazee watakumbuka kinasa sauti, ile mashine ya kanda iliyorekodi ngoma na hotuba. Kinasa picha ni ndugu yake. Ni sanduku dogo, ukubwa wake kama redio ya mezani. Ndani yake hakuna kanda, kuna diski ngumu. Diski ndiyo ghala la picha. Ndani ya diski ya kawaida mna visahani vinavyozunguka mara 5,400 au zaidi kwa dakika moja, na picha huandikwa juu ya visahani hivyo kwa nguvu ya sumaku. Kwa kuwa diski hii inazunguka usiku na mchana, inachakaa kama jiwe la kusagia. Usikubali fundi akuwekee diski aliyoitoa kwenye kompyuta mbovu. Zipo diski zilizotengenezwa kwa kazi hii ya kamera. Dai hizo.

Kati ya kamera na kinasa kuna waya. Waya huu una nyuzi 8 ndani yake. Unaleta picha kwenye kinasa, na hapo hapo unapeleka umeme kwenye kamera. Kwa hiyo kamera haihitaji soketi yake yenyewe. Urefu wa waya usizidi mita 100, yaani karibu urefu wa uwanja wa mpira. Ukizidi hapo picha hukatika.

Ziko pia kamera zinazopeleka picha hewani kwa mawimbi ya redio. Muuzaji atakwambia, "Hizi hazina waya." Hiyo ni nusu ya kweli. Nyingi bado zinataka waya wa umeme, na ukuta mnene wa tofali huzuia mawimbi. Kwa duka au ghala mimi napendelea waya. Kwa banda lililo mbali, zisizo na waya zinafaa.

Nitasema kidogo jambo ambalo wengi hawalijui. Mmoja wa watu wa kwanza kabisa kubuni kamera ya ulinzi wa nyumba alikuwa mwanamke, muuguzi, jina lake Marie Van Brittan Brown. Aliishi New York, Marekani. Kazi yake ilimfanya aingie na kutoka saa zisizo za kawaida, na polisi walichelewa kufika mtaani kwao walipoitwa. Mwaka 1966 yeye na mumewe Albert waliomba hati ya ubunifu wao, wakaipata Desemba 1969. Mlangoni kulikuwa na matundu manne ya kuchungulia. Kamera ilipanda na kushuka kwenye matundu hayo, na picha ilionekana kwenye televisheni chumbani. Alitaka kumwona anayebisha hodi kabla ya kumfungulia. Haja hiyo hata sisi tunayo.

MTANDAO SI LAZIMA UWE INTANETI

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Mtu anasikia "kamera za mtandao" anasema, "Basi mimi siwezi, bando lenyewe la simu linanishinda."

Hebu fikiria njia za miguu za kijijini kwako. Iko njia ya kutoka nyumbani kwenda kisimani. Iko ya kutoka kisimani kwenda shuleni, na ya kutoka shuleni kwenda sokoni. Njia hizo zote pamoja ni mtandao. Unaweza kuzitumia maisha yako yote bila kulipa nauli. Barabara kuu inayokwenda mjini ni kitu kingine. Hiyo lazima upande basi, na basi lina nauli.

Intaneti ni ile barabara kuu. Lakini kamera na kinasa chako vinapitishiana picha kwa njia za miguu, ndani ya boma lako. Havilipi nauli. Ukiwa na kamera, waya, kinasa na diski, picha zitanaswa na kutunzwa hata kama hakuna bando, hata kama simu haishiki kabisa kijijini. Barabara kuu utaihitaji kwa jambo moja tu: kama unataka kutazama duka lako kwa simu ukiwa mbali, tuseme umesafiri kwenda Mwanza au Dodoma.

Wako wauzaji wanaosema picha zitatunzwa "kwenye wingu". Hakuna wingu hapo. Ni kompyuta ya kampuni fulani, pengine nchi nyingine kabisa. Unalipia ada ya kuhifadhi, na unalipia bando la kupelekea picha. Faida yake ipo, nisiseme uongo: mwizi hawezi kuvunja mlango wa wingu usiku akaondoka na picha. Lakini gharama yake tutaiona tukifika kwenye hesabu.

KINASA KIFICHWE

Katika kijiji kimoja ninachokwenda kikazi, duka la pembejeo lilivunjwa usiku. Duka hilo lilikuwa na kamera nne, tena nzuri. Asubuhi watu walijaa wakifurahi. "Leo mwizi amepatikana!" Mwenye duka akaingia ndani kufungua picha. Hakukuta cha kufungua. Kinasa kilikuwa kinakaa juu ya kaunta, chini ya televisheni, taa zake zikimetameta. Wezi walikibeba pamoja na mbegu na fedha. Walipigwa picha vizuri sana, halafu wakaondoka na picha zao.

Kwa hiyo kamera ionekane, lakini kinasa kisionekane. Kiweke chumba cha ndani, ndani ya kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa skrubu. Kabati liwe na matundu ya hewa, maana kinasa hutoa joto, na joto huua diski. Kisikae chini sakafuni kwenye mchwa na maji ya kudeki. Kisikae chini ya bati bila dari, kwani mchana pale ni tanuri. Waya upite juu au ndani ya bomba, usining'inie kama kamba ya kumwelekeza mwizi lilipo sanduku.

Kama nyumba yako iko nyuma ya duka, na umbali hauzidi zile mita 100, kinasa kikae nyumbani. Mwizi wa dukani hatakuwa na habari nacho.

Mwenye uwezo zaidi aongeze ghala la pili. Liko sanduku lenye diski mbili, ambalo huandika picha ile ile kwenye diski zote mbili. Moja ikifa, nyingine ipo. Lakini mwizi akilibeba sanduku hilo amebeba diski zote. Kwa hiyo ghala la pili likae jengo lingine, si kando ya la kwanza. Njia rahisi kuliko hiyo ni kadi ya kumbukumbu, ile memori kadi ndogo kama ya simu. Kamera nyingi zina nafasi yake. Kadi haitoshi kutunza siku nyingi, ila kinasa kikiibwa au waya ukikatwa, usiku wa tukio utabaki ndani ya kamera.

HESABU YA GHALA

Sasa chukueni kalamu na daftari. Mkulima hajengi ghala kabla ya kujua atavuna magunia mangapi. Na diski ni hivyo hivyo.

Picha hupimwa kwa baiti, kama maji yanavyopimwa kwa lita. Tuseme kamera yako imepangwa kutoa megabiti 2 kila sekunde. Hicho ni kiasi cha kawaida kwa picha nzuri. Biti 8 ni baiti 1. Kwa hiyo 2 gawanya kwa 8 ni megabaiti 0.25 kila sekunde.

Siku moja ina sekunde ngapi? Sekunde 60 mara dakika 60 mara saa 24, jibu ni sekunde 86,400. Zidisha kwa 0.25. Unapata megabaiti 21,600, na hizo ni sawa na gigabaiti 21.6. Hayo ndiyo mavuno ya kamera moja kwa siku moja.

Kamera 4 zitatoa gigabaiti 86.4 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 inabeba gigabaiti 1,000. Gawanya 1,000 kwa 86.4. Jibu ni siku 11 na nusu hivi. Diski ya terabaiti 2 itabeba siku 23.

Je, ghala likijaa inakuwaje? Kinasa hakisimami. Kinafuta picha ya zamani kuliko zote na kuandika mpya mahali pake. Ni kama ghala linalotupa gunia la mwaka juzi kupisha gunia la leo. Hakikuulizi.

Basi unahitaji siku ngapi? Wauzaji hupenda kusema "mwezi mmoja unatosha", lakini hawajui biashara yako. Jibu lako linatokana na jambo moja: hasara ikitokea, wewe unaijua baada ya muda gani? Mlango ukivunjwa utajua asubuhi. Lakini uko wizi wa kimya kimya. Kilo mbili za sukari leo, kopo la dawa ya mifugo wiki ijayo. Wizi huu unauona siku ya kuhesabu mali. Kama unahesabu mali kila mwisho wa mwezi, na diski yako inabeba siku 11, basi wizi wa tarehe 3 umeshafutwa siku nyingi. Utabaki na daftari lenye upungufu na diski isiyo na jibu, na pengine utamshuku kijana wa dukani ambaye hakufanya kitu.

Kwa hiyo siku za kumbukumbu zizidi siku zilizopo kati ya hesabu moja na nyingine. Anayehesabu kila mwezi aweke akiba ya siku 35. Zidisha 86.4 kwa 35. Unapata gigabaiti 3,024. Diski ya terabaiti 3 haitoshi, imepungukiwa kidogo tu. Nunua ya terabaiti 4. Au hesabu mali yako kila Jumamosi. Hilo halina gharama, na diski ndogo itakutosha.

Ziko njia za kupunguza mavuno haya. Katika mipangilio ya kinasa utaona maandishi H.264 na H.265. Ni njia mbili za kuikunja picha ichukue nafasi ndogo. Ya pili ni mpya zaidi, ilitoka mwaka 2013, na inaweza kupunguza nafasi karibu nusu bila kuharibu picha. Chagua hiyo kama kamera na kinasa vyote vinaikubali. Tena unaweza kupunguza idadi ya picha kwa sekunde kutoka 25 hadi 12. Mtu anayetembea ataonekana vizuri tu.

Iko pia njia ya kurekodi pale tu kitu kinapocheza mbele ya kamera. Ni nzuri ndani ya ghala lililofungwa. Nje si nzuri sana. Mgomba ukitikiswa na upepo usiku kucha, kamera inadhani ni mtu.

Na lile wingu je? Kamera zetu 4 kwa siku 30 zitatoa gigabaiti 2,592. Chukua bei unayonunulia gigabaiti moja kwa simu, zidisha kwa 2,592, utaona mwenyewe. Ndiyo sababu kamera za wingu hazipeleki kila kitu, zinapeleka vipande vifupi tu vya pale kitu kinapotokea. Kwetu sisi, ghala la nyumbani ndilo kubwa, na wingu liwe nyongeza kwa anayeweza.

SAA YA KINASA

Hili ni jambo dogo ambalo limeharibu ushahidi mwingi. Kila picha huandikwa tarehe na saa. Vinasa vingi vinatengenezwa China, na baadhi hufika vikiwa na saa za Beijing. Beijing imetutangulia kwa saa 5. Duka linavunjwa saa nane usiku, picha inaandika saa moja asubuhi, wakati jua limeshatoka. Nani ataamini?

Kagueni saa hiyo siku ya kwanza, fundi akiwapo. Tena kumbukeni kwamba kinasa husoma saa kuanzia usiku wa manane, na huhesabu mpaka 24. Ukiona 20:15, hiyo ni saa mbili na robo usiku. Ukiona 02:00, ni saa nane usiku. Tarehe nayo ina mtego wake. Vinasa vingine vinaanza na mwezi. Ukiona 03-04 usijue kama ni tarehe 3 Aprili au tarehe 4 Machi, mwambie fundi abadili ianze siku, kisha mwezi, kisha mwaka.

KUFUNGA KAMERA

Watu wanapenda kuipandisha kamera juu kabisa chini ya paa. Huko itapiga picha za kofia. Mita mbili na nusu hadi tatu zinatosha: mtu haifikii kwa mkono, na uso wake unaonekana. Isitazame mawio wala machweo, kwa sababu jua likiingia kwenye kioo kila kitu kinakuwa cheusi.

Usiku kamera hujimulikia yenyewe kwa mwanga ambao macho ya binadamu hayauoni. Ukifunga karibu mno na ukuta au nguzo, mwanga huo unagonga ukuta na kurudi, na picha inakuwa nyeupe. Wadudu nao hupenda pale, na buibui huwafuata wadudu. Uzi mmoja wa buibui mbele ya kioo ukimulikwa usiku unaonekana kama kamba ya katani. Futa kioo kila wiki kwa kitambaa laini.

Kuhusu umeme, mtambo mzima wa kamera 4 hula kama wati 40. Kwa saa 24 hiyo ni karibu uniti moja ya LUKU. Umeme wa REA umefika vijiji vingi, lakini nao hukatika, na mwizi mwerevu huanza kwa kuukata. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 inaweza kuendesha mtambo huo usiku mzima bila kuimaliza. Wenye sola tayari wana njia. Na kwa ndugu wa kanda ya Ziwa, ambako radi ni jirani yetu, mwambieni fundi asimike waya wa kuingiza umeme wa radi ardhini. Radi moja huua kamera, kinasa na diski kwa pamoja.

NENO LA SIRI NI LAKO

Kila kinasa kina neno la siri, ambalo vijana wanaliita paswedi. Vinasa vya zamani hasa vilitoka kiwandani vikiwa na neno moja kwa wote, kama admin au 12345. Mnamo Oktoba 2016 ulimwengu ulipata somo. Programu moja mbaya, iliyoitwa Mirai, ilizunguka kwenye intaneti ikijaribu maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60. Hayo tu. Kwa maneno hayo iliingia kwenye kamera na vinasa kwa maelfu na kuvitumikisha bila wenyewe kujua. Tarehe 21 Oktoba 2016 vifaa hivyo vilitumiwa kuielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, na watu wengi wakashindwa kufungua Twitter na Netflix kwa saa kadhaa. Anayeweza kukitumikisha kinasa chako anaweza pia kutazama chumba chako.

Kwetu liko tatizo lingine la karibu zaidi. Fundi anafunga mtambo, anaweka neno la siri analolijua yeye, anaondoka. Mwenye nyumba hakuuliza, kwa sababu aliona haya au alidhani ni mambo ya wasomi. Siku ya wizi fundi yuko mbali na simu yake imezimwa. Au mbaya zaidi, fundi anaendelea kutazama nyumba ya watu kutoka huko aliko.

Wewe unayesoma gazeti hili unajua kusoma na kuandika. Basi kaa kwenye skrini, mwambie fundi atazame pembeni, uandike neno lako mwenyewe. Lisiwe jina la mtoto wala namba ya simu. Unganisha maneno matatu yasiyohusiana, na namba katikati, kwa mfano jembe, 47, taa, mvua. Huo ni mfano tu, usiuchukue. Liandike kwenye daftari linalokaa nyumbani, si kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kinasa. Na kama huna haja ya kutazama kwa simu, usiunganishe kinasa na intaneti hata kidogo. Mlango usiokuwapo hauvunjwi.

MAJIRANI NAO WANA HAKI

Kamera yako itazame mlango wako, si ua wa jirani. Ukuta wa bafu la jirani ukiingia kwenye picha, geuza kamera. Katiba yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa yeye, familia yake na maskani yake. Tena ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na iko Tume inayopokea malalamiko. Picha ya mtu ni taarifa yake. Wenzetu wa Kenya wana sheria kama hiyo tangu 2019.

Bandika kibao kwa Kiswahili: HAPA PANA KAMERA. Mwambie na msaidizi wa nyumbani kamera ziko wapi. Chumba anacholala na mahali anapoogea pasiwe na kamera, hata kama nyumba ni yako.

WIZI UKITOKEA

Fanya haraka, kwa sababu diski inazunguka na kinasa kinaendelea kufuta. Tafuta saa ya tukio, nakili picha kwenye flashi, uanzie nusu saa kabla na uishie nusu saa baada. Nakili flashi mbili. Awepo shahidi, kama balozi au mwenyekiti wa kitongoji. Andika kwenye daftari: tarehe, saa, nani alinakili, nani alishuhudia. Chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mahakama hutazama picha ilivyotunzwa na kama haikuchezewa. Ukurasa huo wa daftari utakusaidia. Kama kunakili kumekushinda, zima kinasa kabisa, kikae hivyo hivyo mpaka apatikane anayejua.

Sasa jambo lililonifanya niandike makala hii. Picha ya usiku haina rangi. Nguo nyekundu na nguo ya kijani zote huonekana kijivu. Watu wawili wa kimo kimoja hufanana. Lakini nimeona picha za namna hiyo zikirushwa kwenye makundi ya simu kabla polisi hawajaziona, chini yake mtu ameandika, "Huyu ni fulani, mtoto wa fulani." Mnajua kinachofuata. Wananchi wenye hasira hawaulizi kama picha ni kijivu. Mtu akishauawa kwa mawe, hata ikija kuonekana alikuwa hospitali usiku ule, haifai kitu tena, na aliyeirusha picha naye atatafutwa na sheria.

Picha isitoke kwenye simu yako. Ukiulizwa na majirani, jibu kwamba imeshapelekwa polisi. Tia flashi moja kwenye bahasha, uiandike kwa nje tarehe na jina lako, upeleke kituoni, na usiondoke bila namba ya RB. Flashi ya pili ibaki nyumbani mpaka kesi iishe.